Nilifundishwa Kuzamia Ziwa la Baridi kwa Mtutu wa Bunduki

Siku nilipovishwa ile nguo ya mpira, kwenye kola yake kulikuwa na damu ya mtu aliyeivaa kabla yangu.

Tena ilikuwa haijakauka vizuri.

Nikauliza, "Mwenye nguo yuko wapi?"

Jamaa aliyekuwa ananifunga zipu mgongoni akacheka. "Yuko chini ya ule mgomba pale. Vaa upesi kabla hujamfuata."

Aisee, kaeni vizuri. Haya yalinikuta mimi mwenyewe, Ipyana, Mndali wa Ikinga kule Ileje, mwaka 1984. Songwe ilikuwa bado haijawa mkoa, sisi sote tulikuwa Mbeya. Na mimi, mtu wa milimani, nilikuwa sijui hata kuogelea.

Kwetu mto ulikuwa wa kuchota maji na kufulia, basi.

Nianze na kaka yangu.

Jonasi alikuwa utingo pale Tunduma, kwenye lori la mfanyabiashara aliyeitwa Lusungu. Mwaka mmoja kabla, ule msako wa wahujumu uchumi ulipopamba moto, wenye magendo walichanganyikiwa. Watu walimwaga sukari chooni. Walitupa vitenge mtoni. Kuna mzee nilimfahamu alizika magunia ya chumvi kisha akasahau wapi.

Katika hekaheka hiyo lori la Lusungu likapotea. Dereva wake, Ramadhan, akapotea. Na kaka yangu akapotea.

Mwaka mzima kimya.

Mama alikuwa akisikia mlio wa lori kule barabarani, anaweka jembe chini anasimama. Lori likipita, anainama tena kulima.

Nikachoka kumtazama. Nikashuka Tunduma kumuuliza bosi.

Lusungu alikuwa jitu pana, lakini sauti laini kama ya mwalimu wa kwaya. Alinipokea vizuri mno. Chai ya maziwa, mkate na siagi. Mwaka ule, wadau, siagi ilikuwa kitu cha kusimuliwa.

"Kaka yako mzima," akaniambia. "Yuko ng'ambo, Zambia. Anasubiri upepo upite. Kesho nakupeleka kwake."

"Mbona hajaleta hata salamu?"

"Iwe, wewe! Salamu nazo zinakamatwa mpakani." Akanitazama kifua. "Wewe si ndiye mpiga tarumbeta wa kanisani? Nimeambiwa una pumzi kama punda."

Nikacheka, nikajiona nimefika.

Kesho yake Landrova haikuelekea mpakani. Ilikata njia ya kurudi milimani kwetu, Ileje. Nilipouliza tunakwenda wapi, yule jamaa aliyeketi nyuma yangu, jina lake Anyosisye, akanijibu kwa kitako cha bunduki.

Mdomoni.

Meno ya mbele niliyonayo leo ni ya kununua.

* * *

Waliniteremsha kwenye ziwa ambalo sisi tuliliita Kasyeto. Ni shimo la duara katikati ya vilima, maji meusi, ukingo unashuka ghafla. Zamani palikuwa na kaya pembeni yake. Watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa yakabaki mahame: migomba imegeuka pori, kuta hazina paa, njia zimeota nyasi.

Ukipiga kelele pale, unajisikia mwenyewe.

Ilikuwa mwezi wa saba. Wanaoijua Ileje wanaijua hiyo baridi. Asubuhi nyasi zina weupe, mdomo unatoa moshi.

Ndani ya kuta moja nikamkuta mtu mzima ameketi juu ya sanduku, mguu umefungwa vijiti kwa kamba ya katani. Mguu wenyewe ulikuwa umevimba mpaka ngozi inang'aa.

"Karibu, bwana mdogo," akasema, Kiswahili cha pwani kabisa. "Naitwa Zahoro. Niwie radhi kwa ninayotaka kukufundisha."

Zahoro alikuwa mzamiaji wa jeshi mstaafu. Alipelekwa ujanani nchi za baridi kusomea kazi hiyo, akazoea kuzamia maji ambayo juu yake pamekaa barafu. Masikio yake yalishaharibika, hazamii tena. Lusungu alimfuata mpaka Tanga, akamwambia kuna lori limetumbukia ziwani kwa ajali, naye atapewa mtu wa kumfundisha kuutoa mzigo wake. Zahoro akaja na vifaa vyake: mitungi, mashine ya kuijaza hewa, na ile nguo.

Mwanafunzi wa kwanza alikuwa mchimba dhahabu wa Saza. Alishikwa na woga kule chini, akabana pumzi, akapanda kasi.

"Hewa inavimba ukipanda," Zahoro alinieleza. "Ukiibana, mapafu yanapasuka. Alitoka majini anatapika damu. Hakumaliza hata kusema jina la mama yake."

Zahoro akafungasha aondoke. Anyosisye akachukua nyundo ya kupasulia mawe, akamvunja mguu.

Mbele ya Lusungu. Na Lusungu, kwa sauti yake laini, akasema, "Mwalimu hahitaji miguu."

* * *

Sasa sikilizeni habari ya hiyo nguo, maana wengi mnadhani kuzamia ni kaptula na miwani.

Zahoro aliiita nguo kavu. Ni mpira mzito kutoka nyayo mpaka shingo, maji hayaingii kabisa. Ndani unavaa masweta na suruali za sufu. Viganja vinatoka kwenye mpira unaobana, na shingoni kuna kola inayokukaba kama mtu anakudai roho. Poda ya kupaka ili ipite ilikuwa imeisha, basi Zahoro akanipaka unga wa muhogo shingoni na mikononi. Nilikuwa kama maandazi yanayosubiri mafuta.

"Sikiza," akaniambia. "Ukishuka, maji yatabana nguo, ngozi itafinywa. Bonyeza hapa kifuani, hewa kidogo iingie. Ukipanda, hewa ile inakua. Itoe hapa begani. Usiiache ikimbilie miguuni. Ikienda miguuni, miguu itakuwa juu, kichwa chini, na utapaa kama kibofu cha mbuzi."

"Na kubana pumzi?"

"Kamwe. Ukipanda, imba."

"Niimbe?"

"Toa sauti kooni. Anayeimba hawezi kubana pumzi. Na ukipigwa na hofu, kumbuka maji hayana haraka. Mwenye haraka ni wewe."

Siku ya kwanza nilifanya kila nililokatazwa.

Niliingia nikiwa na mkanda wa madini ya risasi kiunoni, uzito wa kunizamisha, na kamba kifuani. Baridi ilinipiga usoni kama kofi. Nikasahau kila kitu. Nikabonyeza kifuani kwa nguvu, nguo ikajaa, hewa ikakimbilia miguuni. Kudadeki! Miguu ikapaa, nikaning'inia kichwa chini, nyayo zinachungulia juu ya maji kama za bata.

Wakanivuta kwa kamba.

Anyosisye alikuwa na mkanda wa feni ya gari. Alinivua miwani, akanichapa nao usoni, mgongoni, tena usoni. "Mafuta ya mashine ni ya baba yako?"

Zahoro akasema, "Ukimpasua jicho, atatazama na nini huko chini?"

Akachapwa yeye. Kwenye mguu uliovunjika.

Ule ukelele sitausahau.

Nikarudi majini mwenyewe, bila kusukumwa. Bora maji.

Hivyo ndivyo nilivyojifunza. Kila kosa lilikuwa na kipigo chake, kingine changu, kingine cha mwalimu. Nilivimba, nikatema damu ndani ya mpira wa kupumulia, nikaimeza ili nisiutoe mdomoni. Nikajua kuongeza hewa kidogo kidogo na kuinua bega niitoe. Nikajua ishara za kamba: kuvuta mara moja niko salama, kuvuta mfululizo nitoeni.

Na kuna siku moja nilipatia.

Nilishuka taratibu, nikaongeza hewa ya kutosha tu, nikaelea katikati, sizami wala sipandi. Kimya. Mwanga wa juu umekuwa kama sarafu. Uso tu ndio ulikuwa na baridi, mwili wote umekaa mkavu na joto lake. Hapakuwa na mtu wa kunipiga.

Nitasema ukweli. Nilipenda.

Nilikaa pale nikihema polepole mpaka wakanivuta kwa nguvu.

* * *

Basi nikapelekwa kwenye lori.

Lilikuwa limekaa kwenye ngazi ya mwamba, kina kama cha mnazi juu ya mnazi. Magurudumu ya nyuma yalining'inia kwenye weusi usio na mwisho. Gogo moja kubwa lilikuwa limekwama chini ya ekseli ndilo lililolizuia lisiendelee kuanguka.

Mzigo ulikuwa vipande vya shaba ya wizi kutoka ng'ambo, vizito kama dhambi. Kazi yangu ilikuwa kuvipanga kwenye wavu wa chuma, kutia ndoano ya waya, kuvuta kamba. Landrova ya Lusungu ilikuwa na winchi mbele, ile mashine ya kuvutia mizigo kwa waya. Aliisimamisha juu ya mteremko wa majani, pua ikitazama ziwa, akakaa yeye mwenyewe kwenye usukani. Hakumwamini mtu na gari lake.

Awamu ya kwanza, ya pili, vikatoka. Lusungu akavibusu, naapa.

Awamu iliyofuata nikapita mbele ya kabini.

Mlango wa dereva ulikuwa umefungwa kwa waya wa seng'enge. Kwa nje. Umezungushwa kwenye kitasa na kioo cha pembeni, ukakazwa kwa koleo.

Nikasogeza uso kwenye kioo.

Mtu alikuwa ameketi ndani.

Maji ya baridi hayamalizi mtu upesi. Uso ulikuwa umekwisha, sitaueleza. Lakini mikono yote miwili ilikuwa juu, imegandamana na kioo. Na sweta alilovaa nililijua. Kijani, mistari myeupe kifuani, kiwiko cha kulia kimeshonewa uzi mwekundu kwa sababu wa kijani uliisha.

Mama alilifuma mbele ya macho yangu. Sweta la Jonasi.

Nilipiga yowe ndani ya mpira. Maji yakaingia mdomoni. Nikataka kupaa, mkono tayari uko kifuani. Kisha akilini nikamwona yule mchimba dhahabu wa Saza, anatapika damu.

Nikashika kitasa cha lori. Nikahema. Nikahema tena. Nikapakia shaba kwenye wavu, machozi yamejaa miwani, nikavuta kamba.

Nilipotoka, Lusungu akaniuliza, "Mbona umechelewa? Umeona nini?"

"Samaki," nikajibu.

* * *

Tulikuwa tunapewa ugali wa baridi mchana. Anyosisye alikuwa amekaa hatua chache akisafisha bunduki. Zahoro akajifanya anakagua mpira wa shingo yangu.

"Umerudi na uso mwingine," akanong'ona.

"Kaka yangu yuko kwenye kabini. Amefungiwa na waya kwa nje."

Mkono wake ukasimama shingoni kwangu. "Inna lillahi," akasema, pole pole sana. Kisha, "Shaba imebaki kiasi gani?"

"Ya kesho tu."

"Basi na sisi tumebaki wa kesho tu. Hawawezi kumwacha hai mtu aliyepita mbele ya mlango ule."

Hapo Lusungu akamwita Anyosisye, akamwambia bila hata kujificha: "Kesho tunafunga kazi. Ukimaliza kupakia, fagia uwanja." Akatutazama sisi wawili kama mtu anayetazama maganda.

Zahoro akaendelea kunikagua shingo. "Lile gogo chini ya ekseli. Likitoka?"

"Lori linakwenda shimoni."

"Na ndoano ya winchi ikiwa kwenye ekseli badala ya kwenye wavu?"

Nikamtazama.

"Waya ule unavuta pande zote mbili, bwana mdogo," akasema. "Subiri aanze kuvuta. Waya ukikaza, toa gogo, kisha kaa mbali nao. Waya wa chuma ukichapa, hauchagui."

"Na Anyosisye?"

"Huyo niachie mimi."

Mtu wa mguu mmoja!

* * *

Asubuhi yake ukungu ulikuwa mwepesi. Niliomba mtaimbo na koleo, nikasema shaba ya mwisho imekwama. Wakanipa.

Nikashuka.

Nilikwenda kwanza kwenye kabini. Zahoro hakuniagiza hilo, na hewa ya mtungi ilikuwa ya kuhesabu. Lakini nisingeweza kumwacha mwana wa mama yangu aende shimoni na ile takataka. Nikakata waya. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi, koleo ikaniponyoka mara kwa mara. Nikafungua. Nikamtoa taratibu, mwepesi kama gunia tupu, nikamfunga kwa kamba ya akiba kwenye shina la mti mkavu lililokwama kwenye mwamba.

Nikamwambia moyoni, "Kaka, nisubiri hapa."

Kisha nikatia ndoano kwenye ekseli. Nikavuta kamba.

Waya ukaanza kukaza. Ukalia majini, mlio mwembamba wa kuumiza meno. Lori likatikisika, likainuka kidogo kutoka kwenye gogo. Nikachomeka mtaimbo, nikaegemea kwa uzito wangu wote.

Halikutoka.

Nikaegemea tena, nikalia, nikatukana kwa Kindali.

Gogo likatoka kama jino bovu.

Sijawahi kuona kitu kikubwa kikienda kimya vile. Lori liliinama nyuma, likateleza, likamezwa na weusi. Waya ukalifuata kwa kasi, ukapita karibu na paja langu, ukapasua nguo kama wembe.

Maji yakaingia. Baridi ile, jamani. Ilikuwa kama mtu amenimwagia visu.

Na hapo juu pakawa giza. Nikainua kichwa.

Landrova ilikuwa inashuka.

Lusungu alikanyaga breki mpaka mwisho, akidhani gari lake litashinda. Nyasi zilikuwa na umande. Likaburutwa mteremko mzima na yeye ameng'ang'ania usukani. Likapita mbele yangu, taa zake bado zinawaka, na ndani ya kioo nikamwona: macho yametoka, anapiga kioo kwa ngumi zote mbili, mdomo wazi.

Tulitazamana.

Kisha zile taa zikawa ndogo, zikawa ndogo, zikazimika.

Mimi nilikuwa nazama pia. Hewa ya nguo ilikuwa imetokea kwenye tundu, miguu imejaa maji. Nikafungua mkanda wa risasi, nikauacha uende. Nikaanza kupanda, nikaimba. Mpira uko mdomoni, naimba wimbo wa tarumbeta wa Pasaka, ule wa kuamsha watu alfajiri makaburini. Viputo vyote vilinitoka na ule wimbo.

Nilipotoa kichwa nikasikia mlio wa bunduki.

Zahoro alikuwa amemrukia Anyosisye kutoka kwenye sanduku lake. Risasi ilikuwa imempita begani, damu inamiminika. Bunduki imeangukia majini, na Anyosisye amemkalia kifuani, vidole gumba kooni. Zahoro anamng'ata kiganja. Hamwachii.

Nilitambaa. Nguo imejaa maji, kila mguu kama mfuko wa saruji. Nikauvua mtungi mgongoni, ule wa chuma, nikauinua kwa mikono miwili, nikamshushia Anyosisye begani.

Mfupa ulilia.

Akageuka kunitazama kwa mshangao, kama mtu aliyepigwa na mbuzi wake mwenyewe. Nikamshushia tena, tayani.

Akalala.

Zahoro akakohoa damu, akasema, "Bwana mdogo. Umepanda bila kubana pumzi?"

"Nimeimba."

"Mwanafunzi mzuri," akasema, akazimia.

* * *

Mgambo wa kijiji cha jirani walisikia ule mlio wa bunduki, wakaja na mapanga na machela. Polisi wakafika kutoka Itumba. Anyosisye alikuwa hai, taya limevunjika, akaeleza aliyoyajua. Lakini yeye aliajiriwa baada ya lori kuzama. Nani alifunga ule mlango hakujua. Sote tukasema ni Lusungu.

Tundu la nguo tukaliziba kwa kiraka na gundi ya baiskeli. Nikashuka mara ya mwisho, watu wamejaa ukingoni, nikamleta yule niliyemwambia anisubiri.

Mama aliona sweta, akaanguka.

Tulikuwa tumeshachimba kaburi Ikinga wakati mwanamke mmoja alipofika kutoka Tunduma, amejitanda kanga, vumbi mpaka magotini. Alikuwa Mwanamvita, mke wa dereva Ramadhan. Akasalimia wazee kwa heshima zote, akaomba jambo moja tu.

"Naomba kutazama miguu yake."

Wakamfunulia. Mguu wa kushoto haukuwa na vidole viwili vya mwisho.

"Jeki ilimkata," akasema. "Nilimuuguza mimi. Huyu ni mume wangu."

Akaketi chini, akauweka ule mguu mapajani mwake.

Ramadhan akazikwa Tunduma kwa taratibu za dini yake. Na mama yangu, Mungu amsamehe, alipiga vigelegele. Maana kama maiti si ya Jonasi, Jonasi yu hai!

Alikuwa hai kweli.

* * *

Habari za kifo cha Lusungu zilipovuka mpaka, Jonasi akarudi. Alikuja mchana, amenenepa, viatu vya kung'aa, mabegi ya vitu vya ng'ambo. Kijiji kizima kilimpokea. Mama alimshika uso kama mtoto mchanga.

Mimi nilisubiri mpaka tulipokwenda shambani kwenye mibuni, wawili tu.

"Kaka, sweta lako lilifikaje kwa Ramadhan?"

Akachuma jani la mbuni, akalikunja. Kisha akasema kama mtu anayeeleza habari ya mvua, "Alikuwa anatetemeka. Ilikuwa baridi sana siku ile. Nikamwonea huruma, nikamvulia."

"Halafu?"

"Ramadhan alitaka kwenda polisi kusema yote. Lusungu akaniambia nimbembeleze akae kwenye kabini apate joto."

"Nani alikaza waya?"

Akatupa lile jani, akaanza kuondoka.

"Jonasi. Nani alikaza waya?"

"Lusungu ndiye aliyelisukuma lori ziwani kwa gari lake, shaba ifichike mpaka msako upite," akasema. "Mimi nilifunga mlango tu." Akatazama viatu vyake. "Aligonga sana, Ipyana. Aligonga mpaka lori linaingia majini."

 Lakini kulikuwa na jambo jingine lililonikaba tangu Tunduma.

"Lusungu alijuaje kuhusu pumzi yangu?"

Akainua macho. Hakuwa na aibu. Alikuwa na hasira, kana kwamba mimi ndiye niliyemkosea.

"Walihitaji mtu. Nikamwambia akuchukue wewe. Ningekugawia! Ile shaba ingetutoa wote!"

Nilimpiga. Ngumi moja, mdomoni, pale pale nilipopigwa mimi.

Akachomoa kisu. Akanichana kutoka bega mpaka kifua, alama ninayo. Tukabiringishana kwenye mibuni, damu, majani, matunda mabichi yanapasuka chini yetu. Alinizidi nguvu kwa sababu ya kula vizuri. Mimi nilimzidi pumzi. Nilimshika kwa nyuma, nikamkaba, nikamkalia mgongoni, nikakaza mpaka mkono wake ukaachia kisu.

Ningeweza kuendelea kukaza.

Nikasikia mama anaita majina yetu sote wawili.

Nikaachia. Nikawaita mgambo.

Mbele ya polisi Jonasi alirudia yote. Akafungwa, na huko gerezani ndiko alikokufa kwa kifua, miaka baadaye. Zahoro alirudi Tanga na fimbo, tukaendelea kuulizana hali mpaka alipotangulia mbele ya haki. Mwisho wake aliniachia ile nguo. Nimefanya kazi nayo kwenye mabwawa na madaraja maisha yangu yote.

Lakini mama hakusema nami. Alinipikia, alinifulia, hakusema nami. Ukoo ukasema nimeuza ndugu. Kuna waliotema mate nikipita.

Kisha siku moja, baada ya mavuno, mama akafunga kuku miguu, akabeba kapu la maharage kichwani, akaniambia neno la kwanza tangu siku ile.

"Nipeleke Tunduma."

Nikampeleka kwa Mwanamvita. Mama yangu Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, njia nzima alikuwa akikipanga mdomoni. Tulipokaribishwa hakuketi kwenye kiti. Aliketi chini kabisa, sakafuni, akasema:

"Mimi ndiye mama. Nimezaa mkono uliofunga mlango."

Mwanamvita aliinuka kitini. Akaja akaketi naye pale pale sakafuni, akamshika kiganja.

"Na ulioufungua pia umeuzaa wewe, mama," akasema. "Karibu kwangu."

Walilia pamoja mpaka yule kuku akafungua kamba akakimbia, tukaanza kumkimbiza sote.

Ndugu zangu, mnaosoma hapa, wengi wenu mnalinda watu kwa sababu ni damu yenu. Mnawafichia, mnawatetea, mnasema "yatabaki ndani". Mimi nawaambia: kila siri ya ukoo ina mtoto wa watu ndani yake, anagonga.

Fungueni mlango. Mtatukanwa, mtachanwa visu, mtakaa bila kusemeshwa na mama zenu.

Fungueni tu.